Moto wa Mama Careen

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni, popote mnaponisikia, Bagara, Nakwa, Dareda na kwingineko. Leo tunamkumbuka Natalia Yoakimu, Mama Careen, mkaanga samaki wa soko letu la Babati. Wengi wenu mmekula samaki wake. Tumemzika Jumamosi kule Nakwa. Daktari alisema ni presha, nami sibishani na daktari. Lakini yapo mengine.

Mama Careen ndiye aliyekuwa akiwasha moto wa kwanza pale sokoni. Moto wa kwanza, nasisitiza. Wenzake walikuja na kipande cha bati, wakachota makaa kwake, wakaenda kuwashia majiko yao.

"Mama Careen, naomba moto."

"Chota, mama, usiniunguze."

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyoanza, miaka nenda miaka rudi.

Kazi hiyo ina alama zake. Mafuta yanaruka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu lililovuta vidole mpaka vikashindwa kunyooka. Wenzake nao wana makovu, karibu wote.

Basi akaja Wolfgang. Huyu ni mtoto wa kaka yake, aliyefiwa na mama angali mchanga. Mama Careen akamlea, akambeba mgongoni. Alipokua, Wolfgang alikwenda kusoma fizikia ng'ambo, akarudi na watafiti wenzake na hadubini ya ajabu. Sikilizeni vizuri hapa. Hadubini hiyo inatazama nyama ya mtu aliye hai bila kumkata. Bila kumkata. Inapeleka ndani ya ngozi mwanga ambao macho yetu hayauoni.

Wolfgang alimweleza hivi: "Shangazi, karai la mafuta ya moto mtu mmoja haliinui, mpaka wawili washike pamoja. Na mwanga huu ni hivyo hivyo. Chembe zake mbili zikifika mahali pamoja kwa mpigo mmoja, nyuzi za ngozi zinajibu kwa rangi nyingine. Kwingine kote kunabaki giza."

Careen, binti wa marehemu, alikuwepo. Anasema: "Mama aliweka mkono chini ya mashine, kwenye skrini zikatokea nyuzi za kijani. Akashangaa. 'Kumbe hapa palipo pazima nimesukwa kama kikapu! Na hapa penye kovu nyuzi zimelala upande mmoja, kama nyasi zilizokanyagwa.' Akacheka, akataka aonyeshwe tena."

Watafiti walisema wakielewa kovu linavyojijenga, huenda wakapata dawa ya kulilegeza. Mama Careen alitamani vidole vyake vinyooke, na vya wenzake pia. Akapita meza kwa meza. "Ni mwanga tu, hakuna kisu. Mwenye mashine ni mtoto wangu mwenyewe, atanidanganya mimi?"

Wakakubali. Wolfgang hawakumjua vizuri. Walimwamini Mama Careen.

Mwanzoni ulikuwa mwanga kweli. Halafu siku moja, kwenye chumba walichopanga watafiti kule Bagara, Edda, aliyekaanga samaki jirani na Mama Careen, akachomwa sindano ya ganzi. Akauliza ya nini. Akaambiwa asiwe na wasiwasi. Wakamkata kipande cha ngozi, kidogo kama punje ya mahindi, wapate kulinganisha picha na nyama yenyewe. Wakawakata na wengine. Kidonda cha Edda kikatunga usaha, na meza yake ikakaa tupu muda mrefu.

Edda alisema maneno machache tu. "Mama Careen, ulisema mwanga."

Mama Careen akampigia Wolfgang simu papo hapo, Careen akisikia.

"Wolfgang, ulijua?"

Wolfgang akaanza kueleza faida za utafiti.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Shangazi, ningekwambia ungekataa. Na wewe ukikataa, wote wanakataa."

Alijua, wasikilizaji wapendwa. Alijua tangu mwanzo. Mkono wa shangazi yake haukumtosha, alitaka na mdomo wake. Na kinachoniuma mimi ni kwamba mashine haikudanganya. Iliona ndani bila kukata, kama ilivyoahidiwa. Aliyedanganya ni mtoto wa nyumbani.

Kesho yake Mama Careen akawasha moto kama kawaida. Hakuja mtu kuchota makaa. Kila mmoja alikuja na kiberiti chake.

"Mama alikwenda nyumbani kwa kila mmoja kuomba radhi," anasema Careen. "Walimkaribisha, wakampa chai, wakamwambia yameisha. Asubuhi wakaja tena na viberiti vyao. Alikuwa anakaa anatazama makaa yanageuka majivu."

Ilikuwa hivyo mpaka anafariki.

Wolfgang, aliyekwisha kurudi ng'ambo, ametuma ujumbe hapa redioni. Anaomba niseme kwamba utafiti ule utawasaidia wengi walioungua. Haya, nimesema. Huenda ni kweli, na Mungu ajalie iwe kweli. Lakini nimeusoma ujumbe wote, na neno samahani sikuliona.

Jumatatu, baada ya mazishi, nilipita sokoni mapema. Nikamkuta Edda amepiga magoti mbele ya jiko la Mama Careen, anapuliza. Moto ukashika. Wenzake wakaja mmoja mmoja na vipande vya bati, wakachota makaa. Nikamuuliza kwa nini leo.

"Yeye alidanganywa, na tulijua alidanganywa," akaniambia. "Lakini yule mwenye kosa yuko mbali. Tukamwadhibu huyu aliyekuwa karibu. Tumechelewa, tumechelewa vibaya."

Careen, na ukoo wote pale Nakwa, poleni sana. Wolfgang, pole na wewe, maana umefiwa na mama.

Na wewe unayenisikiliza, jiangalie. Kama kuna mtu umemnunia kwa kosa la mwingine, usingoje tumtangaze hapa. Kesho asubuhi acha kiberiti nyumbani, nenda kwake, ukaombe moto.