Waya Uliochomolewa

Basi lilikuwa limeshaacha stendi nyuma mama mmoja alipomgeukia jirani yake wa kiti, fundi magari mwenye kucha nyeusi kwa oili.

"Fundi, gari langu limeng'ang'ania gia moja, na mshale wa spidi umelala. Mwanangu naye fundi kama wewe. Safari hii hakuja hata kulitazama, kasema kwa simu giaboksi imekufa, tuliuze."

"Mashine ya kupimia imesema nini?"

"Imelalamikia sensa ya spidi."

Fundi akacheka. "Giaboksi mnaisingizia bure, mama! Sensa ikinyamaza, gia zitajuaje mwendo? Mchungulie waya wake, huenda umechomoka tu."

"Umechomolewa," mama akasema, macho dirishani. "Na mimi. Gari likiwa zima, yule haji."

"Si umwambie tu?" fundi akauliza.

"Nimwambie nini, kwamba nyumba imekuwa kubwa? Gari likiugua anakuja, anakula, analala."

"Na likiuzwa?"

Basi likasimama. Fundi alishuka, akampigia mamaye simu, wakazungumza habari za mvua. Yule mama wa basini alifika kwake, akarudisha waya, gari likapona. Mwanawe aliposikia alifurahi sana, akasema basi hakuna haja ya kuja.