Sokwe Aliyefundishwa Kuomba

Treni ilipokaribia Kamina, Tshiela alikuwa akimsimulia mwalimu mmoja aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua, habari za sokwe ambaye yeye Tshiela amekuwa akimlisha kizimbani miaka sita. Watafiti walimfundisha kusema kwa mikono.

"Ni muzuri, mama," mwalimu akasema. "Luga inafunguaka akili."

"Akili ilifunguka, papa. Mulango, hapana. Batafiti balirudia kwabo na funguo. Kila asubui nikimuletea chakula, anafanya neno moya tu: fungua."

"Na weye unamujibiaka nini?"

"Nitamujibu nini? Neno 'sina', habakumufundisha."

Treni ikasimama. Tshiela akajitwisha mzigo wake akashuka, maana kesho ilikuwa zamu yake tena.