Zahanati Yenye Kufuli

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi dogo la kutoka Kabul kwenda Bamiyan. Mzee Khudadad, mkulima wa viazi, alikuwa amekwenda mjini kuuliza kwa nini zahanati mpya ya kijijini kwao ina kufuli. Aliyeketi naye, kijana mwenye tai aitwaye Ehsan, alijitambulisha kuwa ni mtu wa Wizara ya Afya.

“Jengo ni la wafadhili, baba, lakini kumwajiri mkunga ni juu yetu,” Ehsan alieleza. “Na fedha za mshahara wake wafadhili wamezizuia mpaka tuonyeshe uwajibikaji.”

“Na nyinyi je?”

“Tunasubiri wao watimize ahadi zao kwanza.”

Mzee akacheka, kicheko kibaya. “Kumbe mnasubiriana! Binti yangu Marzia alijifungulia nje ya mlango huo, kwenye theluji. Tuliwazika wote wawili.”

Ehsan akalegeza tai. Ningekuwa yeye, ningenyamaza.

“Pole sana, baba. Mwezi ujao kuna mkutano mkubwa Ulaya, suala hili litajadiliwa.”

“Mwezi ujao mdogo wa Marzia anajifungua. Nimpeleke wapi?”

Basi likasimama kwenye njia ya kijiji chake. Mzee akashuka, akaushikilia mlango, akingoja jibu. Dereva akapiga honi. Ehsan alikuwa akitazama viatu vyake.