Miruko Tisa ya Vilmos Szendrey

Marehemu Vilmos Szendrey alizaliwa tarehe 14 Februari 1948 mjini Makó, mtoto wa pili wa wakulima wa vitunguu. Alisoma hapo hapo, kisha akahitimu hisabati huko Szeged mwaka 1971. Kila baada ya mtihani aliuliza kwanza nani kamshinda.

Kwa miaka thelathini na saba alisahihisha rekodi za zamani za joto. Kipimajoto kikihamishwa kutoka bustani ya padri hadi uwanja wa ndege, namba huruka ghafla ingawa hali ya hewa ni ile ile. Kazi yake ilikuwa kuukamata mruko huo na kuuondoa.

Tarehe 20 Aprili 1974 alimuoa Piroska. Shahidi wao alikuwa Kálmán Dorogi, rafiki yake wa meza ya pili ofisini, ambaye alicheza na bibi harusi nyimbo tatu mfululizo. Marehemu alizihesabu.

Mwaka 1996 mkuu wao wa kazi alitaka kupima mbinu ya kila mmoja. Akatunga rekodi za miaka mia, akaficha ndani yake miruko ishirini, na majibu akayafungia kwenye bahasha. Kálmán aliipata kumi na minane. Vilmos aliipata yote, akaongeza tisa isiyokuwepo. Kálmán akatangazwa mshindi.

"Upendeleo mtupu!" Vilmos alifoka.

"Vili, ndugu yangu, tisa umeiota," Kálmán akacheka.

Wivu ulimkaba hadi nyumbani. "Tangu Machi umebadilika, Piroska. Una nini na Kálmán?"

"Mume wangu we, huo sasa ni mruko wako wa kumi," Piroska alijibu, akaendelea kumenya viazi.

Vilmos hakumsemesha Kálmán kwa miaka ishirini na sita.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya mapafu. Akiwa kitandani alisoma karatasi ya homa yake, akamwambia muuguzi, "Jumanne mlibadilisha kipimajoto." Wakaangalia, ni kweli. Siku hiyo hiyo akaagiza Kálmán aitwe, akamwonyesha.

"Huu nisingeuona," Kálmán alikiri.

Kálmán alipoondoka, marehemu alimshika mkewe mkono. "Piroska, ule wa kumi nimeufuta. Haukuwepo."

Alifariki tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Piroska, binti yao Emőke, wajukuu wawili, na Kálmán, ambaye leo ameketi safu ya nyuma kabisa, kama marehemu alivyoagiza kwa maandishi. Vili wetu, pumzika kwa amani, nyimbo za kucheza hazitapigwa.