Zima-Washa Anastaafu, Kipanya cha Kaunta Kimepona

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wa kompyuta wa ofisi yetu ya maji anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa chumba cha kumbukumbu niandike ukurasa wa wasifu wake, usomwe kabla ya keki kukatwa. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, na mengi aliyoyasema kwenye simu nimeyasikia bila kutaka.

Mzee wetu aliajiriwa kama msaidizi wa stoo, akapelekwa kozi fupi ya kompyuta, akarudi fundi. Haukupita muda akawa fundi mwandamizi, na hadi leo hatujui alikuwa mwandamizi wa nani, maana kitengo kizima kilikuwa yeye na kiti chake. Yeye hujiita Injinia. Sisi humwita Zima-Washa, kwa sababu katika utumishi wake wote ametoa dawa moja kwa kila ugonjwa. Kompyuta imegoma, zima uwashe. Printa inatafuna karatasi, zima uwashe. Dereva wa ofisi aliwahi kumweleza kwamba mkewe amenuna tangu juzi, na wapo wanaoapa kwamba jibu lilikuwa lilelile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Zilikuwepo zama ambazo alikuwa mtu wa maana kweli. Vipanya vya wakati ule vilikuwa na gololi tumboni. Uchafu ukijikusanya humo ndani, mshale kwenye skrini ulianza kurukaruka na kazi ikalala. Zima-Washa alikuja na chupa ya spiriti na pamba, akakipindua kipanya, akatoa gololi, akaisugua taratibu, akairudisha, na ofisi ikaendelea. Tulimsifu. Tulimsifu kupita kiasi, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vilipokuja vipanya vya sasa, vyenye taa nyekundu kwa chini, gololi haikuwepo tena lakini spiriti na pamba viliendelea kuja. Nimemwona kwa macho yangu akikigeuza kipanya cha taa huku na huku akitafuta pa kufungulia, akakosa, akakipuliza, akakirudisha mezani na kutangaza kwamba kimepona.

Mafanikio yake makubwa, ambayo mwenyewe huyataja kila akipata wasikilizaji wawili, ni vioo vya mezani. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mwonekano wa Ofisi. Alikwenda makao makuu kwa semina, akaona meza za wakubwa zimefunikwa vioo, akarudi hana usingizi. Baada ya miezi michache kila meza yetu ilikuwa na kioo, na kile kinene kuliko vyote kikapelekwa kaunta, ambako wateja wangekiona. Ukafuata waraka. Kioo kifutwe kila asubuhi mpaka uso wa mfutaji uonekane. Ni marufuku kuweka juu yake kitambaa, karatasi, wala kile kimkeka kidogo cha kipanya, kwa kuwa vitu hivyo vinaficha kilichogharimiwa.

Sisi wa vyumba vya nyuma tuliutii waraka huo kwa muda usiozidi wiki. Kisha mafaili yakarudi mezani, yakakifunika kioo, na vipanya vyetu vikawa vinakimbia juu ya majalada kama zamani. Aliyetii ni mmoja tu, naye ndiye sababu ya ukurasa huu kuwa mrefu kuliko kamati ilivyotaka.

Huyo ni Mama Mapacha, karani wa kaunta. Nisiwachoshe kwa sifa zake, sherehe si yake. Itoshe kusema kwamba mteja akiingia na malalamiko, yeye anajua mita ya huyo mteja iko nyuma ya nyumba au chini ya ngazi, na kama mbwa wa pale anauma. Watu wamekuwa wakija kwake tangu mapacha wake wakiwa mgongoni, na sasa mapacha hao wanavaa sare za shule. Ni mtu wa nidhamu kwa kweli. Waraka ulisema kioo king'ae, kikang'aa.

Basi kipanya cha kaunta kikaanza kuganda. Asubuhi mlango unafunguliwa, kioo kimefutwa, mteja wa kwanza anaegemea kaunta kuripoti bomba lililopasuka, na mshale umesimama pembeni ya skrini haujongei. Mama Mapacha anakiinua kipanya, anakigonga, anakivuta, hakuna kitu. Nakumbuka mteja mmoja aliyevua viatu na kukunja suruali.

"Mama, maji yameshaingia sebuleni, mwenzio nimeacha kochi linaelea."

"Nakusikia baba yangu, nivumilie kidogo, hiki kidudu bado hakijaamka."

Zima-Washa aliitwa. Niseme hapa kwamba asubuhi za mzee wetu zilikuwa za chai na gazeti, kwa hiyo kaunta aliifikia mchana. Mchana mlango umekuwa wazi kwa saa kadhaa, vumbi la barabarani limeingia na kutulia juu ya kioo, na kipanya kinakwenda bila shida yoyote. Fundi wetu alikisukuma huku na huku kwa kidole kimoja, akaguna, akatoa hukumu mbele ya foleni.

"Mbona kinakwenda? Dada, tatizo ni mkono wako. Una mkono mzito. Na hiki kioo kifute vizuri, kina vumbi."

Kesho yake Mama Mapacha alikifuta zaidi, na kipanya kikaganda zaidi. Mchana vumbi likarudi, kipanya kikafufuka, fundi akaja, akakuta hakuna ugonjwa. Mchezo huo uliendelea kwa miezi. Alibadilisha kipanya, akabadilisha tundu la kuchomekea, akaleta kisichokuwa na waya na kulaumu betri zake. Kompyuta yenyewe ilizimwa na kuwashwa mpaka tukaionea huruma. Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni kile alichokileta mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Foleni ilipofika barabarani, meneja wetu mpya aliitisha kikao akitaka kujua kulikoni. Hakuwa na ubaya, aliuliza kama mgeni anavyouliza. Zima-Washa akasimama, akakohoa, akatoa maoni yake ya kitaalamu kwamba vifaa ni vizima na mtumiaji hafai. Alisema mama huyu hana mkono wa kompyuta wala hatakuwa nao. Meneja ni mtu wa maji, si wa kompyuta, akamwamini mtaalamu. Akaamua kwamba kuanzia Jumatatu inayokuja Mama Mapacha ahamie stoo ya mabomba moja kwa moja, na kaunta apewe mwingine.

Jioni ya kesho yake nilimkuta Mama Mapacha akiosha vikombe ambavyo si zamu yake kuviosha. Aliniambia pacha mmoja amemwuliza nyumbani kama mama naye amefeli mtihani. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika haya.

Wiki ile ile wageni kutoka makao makuu walitutembelea. Zima-Washa aliwapeleka kaunta kuwaonyesha kioo. Alipofika kwenye maelezo ya nidhamu ya vifaa, akanogewa, akaegemea pembe ya meza, kisha akaikalia kabisa. Tuseme ukweli, mzee wetu hakujaliwa wepesi. Kioo kililia mara moja kikapasuka kutoka mwisho hadi mwisho. Hakuna aliyeumia. Mama wa usafi akaja na ufagio, vipande vikaenda, na Mama Mapacha akaendelea kufanya kazi juu ya mbao tupu.

Kipanya hakikuganda siku hiyo. Kesho yake asubuhi hakikuganda, wala siku iliyofuata. Foleni ikaisha kabla ya chai. Zima-Washa akapita pale, akatazama, akaenda kuwaambia watu wa mapokezi kwamba hatimaye amekitengeneza.

Hapo ndipo baadhi yetu tulipoamua kujaribu. Tulileta kioo cha meza yangu tukakilaza kaunta kikiwa kimefutwa, tukaweka kipanya juu yake. Kikaganda. Tukaondoa kioo, kikakimbia. Tukarudisha kioo na kuweka faili juu yake, kikakimbia pia. Mama wa usafi, aliyekuwa ameegemea ufagio, akasema, "Kumbe kinatazama chini, na hapo hakioni kitu." Ndivyo ilivyo. Ile taa nyekundu inahitaji kitu cha kutazama ili mshale ujue uende wapi. Kwenye kioo safi hakuna cha kutazama, na vumbi la mchana ndilo lililokuwa likiisaidia. Mwanamke mzima anapelekwa stoo kwa kosa la kuwa msafi.

Tulimwita Injinia ashuhudie. Alishuhudia. Akasema hayo ni mambo ya kubahatisha, akaangalia saa yake, akaondoka.

Sasa, ofisi hii ina utaratibu wake ambao sote tunaujua. Maoni ya kitaalamu yakishatolewa kikaoni, huondolewa na mtaalamu aliyeyatoa na si mwingine yeyote. Karani hawezi, mimi siwezi, na tukienda na kioo mkononi tutaambiwa tunaingilia fani za watu. Kwa hiyo nilimfuata chumbani kwake kwa heshima zote. Nilimsihi amwambie meneja neno moja tu.

"Nimebakiza siku za kuhesabu," alinijibu. "Leo niseme nilikosea, wataniaga kama nani? Funika kombe, mwanaharamu apite."

Mama Mapacha naye alikwenda. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mbao, nikasikia. Alimwamkia, shikamoo baba, akamwomba kama mtoto anavyomwomba mzazi. Zima-Washa akamwambia asihuzunike, stoo kuna kivuli, atapumzika. Miaka yote ya ujirani wetu nimemcheka mzee huyu, na kumcheka kuna mapenzi ndani yake. Siku ile sikucheka. Nilimdharau, na nimeona afadhali aijue dharau hiyo leo, akiwa bado mtumishi mwenzetu, kuliko kuisikia kesho kwa watu.

Nimeonywa kwamba wasifu wa mstaafu hauandikwi hivi. Pengine. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki, na cheo chake kinakoma leo ofisi ikifungwa. Nafasi yake bado haina mrithi. Akitoka hapa bila kusema kitu, maoni yake yanabaki kama yalivyo, na Jumatatu asubuhi mama mwenye haki yake anakabidhiwa funguo za stoo kwa sababu ya kioo ambacho hata hakipo tena.

Mheshimiwa Meneja, uko hapa meza kuu, na sasa umesikia. Utaratibu haukuruhusu utusikilize sisi, nasi hatukuombi uuvunje. Tunaomba umsikilize huyo aliyeketi mkono wako wa kulia, mwenye shada shingoni.

Nawe mzee wetu, kwa mujibu wa ratiba, baada ya ukurasa huu ni zamu yako kuzungumza. Tunazijua hotuba zako, na tumekuja tukiwa tumeshiba. Huhitaji kutueleza kompyuta zilianza lini. Sentensi moja inatosha, kwamba kioo ndicho kilichokigandisha kipanya na karani wa kaunta hakuwa na kosa. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na hakuna atakayekucheka ukichutama. Wengi humu tulikupenda tangu enzi za spiriti na pamba, na tungependa kuendelea.

Asante kwa yale uliyoyafanya vizuri, nayo yapo. Tunakutakia maisha mema, afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na wajukuu wa kukuchangamsha. Pokea kipaza sauti. Leo hata ukizungumza mpaka jioni tutakuvumilia, ilimradi uanze na yule mama aliyeketi safu ya nyuma.