Mzee Wepukhulu wa Kapseret, Mfinyanzi wa Viko

Ndugu na majirani, huyu tunayemzika leo alizaliwa karibu mwaka wa 1890 huko Kimilili. Shule hakuiona. Alichojua alifundishwa na mama yake, aliyefinyanga vyungu na viko vya kuvutia tumbaku, na kazi hiyo aliipenda kuliko zote.

Mwaka wa 1913 alikuja Sisibo, kama wazee wanavyoita Eldoret, akiendesha magari ya ng'ombe ya mzungu mmoja wa Kapseret. Huko, kwenye shamba la mzungu huyo, alipewa kipande cha kulima na mahali pa kujenga. Jirani yake alikuwa Mzee Kimeli, ambaye yuko nasi hapa. Hawakuwa na lugha moja. Kimeli alileta tumbaku ya shamba lake, Mzee akaleta kiko, wakaketi wakipokezana bila neno. Kimeli anasema Kiswahili walikuja kujifunza baadaye, wakiwa tayari marafiki.

Mwaka wa 1916 alimwoa Nasambu. Kila jioni Nasambu alitia tumbaku kwenye kiko, akachukua kaa mekoni, akavuta kwanza yeye mwenyewe ndipo akampa mumewe. Watu walimcheka Mzee kwamba anavuta mabaki. Alijibu kwamba kiko ambacho Nasambu hajakigusa hakina ladha.

Walijaliwa watoto wawili, Wanyama na Nekoye. Wanyama alikwenda kupasua mbao Timboroa, na mwezi wa Julai 1934 mti ulimwangukia. Wazazi walipofika alikuwa ameshazikwa, na hakuna aliyeweza kuwaonyesha kaburi kwa hakika. Tangu hapo Nasambu alitafuta faraja kanisani. Aliambiwa kwamba mvuta tumbaku habatizwi. Akaacha, na akakataa pia kumwashia mumewe. Mzee hakugombana naye. Alivuta peke yake nyuma ya nyumba, hata mvua ikinyesha. Waliishi hivyo miaka mingi, wakipendana, kila mtu upande wake wa ukuta.

Mwaka wa 1951 Nasambu alishikwa na ugonjwa wa tumbo, akawa hawezi kuinuka. Jioni moja alisema, "Baba Wanyama, leta kiko nikuwashie."

Mzee alimuuliza kanisa litasema nini.

"Kanisa halikumzaa Wanyama."

Alikishika, lakini pumzi ya kuvuta hakuwa nayo. Moto ukazimika kikiwa mkononi mwake. Alifariki wiki hiyo.

Mzee hakuvuta wala kufinyanga tena. Kimeli alipomletea tumbaku alimshukuru, kisha akamwambia, "Sasa ni majani tu." Kifua kilianza kumsumbua, akawa anakataa chakula, na dawa alizopewa hakuzimeza. Tulimsihi, akatusikiliza kwa adabu, akageukia ukuta. Alikata roho Jumanne, tarehe 9 Machi 1954.

Ameacha binti yake Nekoye, wajukuu wanne, rafiki yake Kimeli, na mimi mpwa wake, Paul Kituyi, ninayesoma haya. Mwenye shamba ametuma neno kwamba nyumba ya Mzee itapewa mfanyakazi mwingine, na kwamba Nekoye na watoto waondoke kabla mvua hazijaanza. Tuliomba turuhusiwe kuja kupalilia kaburi hili. Hatujajibiwa.

Pumzika kwa amani, Mzee wetu, katika ardhi hii ambayo si yetu.