Joto Kwenye Chipu ya Buswelu

ANNET: Haloo? Nani mwenzangu?

PROJEST: Dokta Projest. Namba yangu umeshaifuta?

ANNET: Shikamoo, mwalimu.

PROJEST: Shikamoo yako kaa nayo. Ripoti gani hii ya mtandao kukatika jana umeniandikia? Eti chipu ilipotosha mwanga?

ANNET: Ndivyo ilivyo—

PROJEST: Andika wachimba barabara wamekata kebo. Weka saini. Basi.

ANNET: Kebo ni nzima. Niko Buswelu, nimesimama mbele ya mtambo. Humu ndani ni nyuzijoto arobaini na moja.

PROJEST: Chipu ile ni imara! Inaugeuza njia mwanga unaobeba data bila kuufanya umeme kwanza, nani hapa kwetu amewahi—

ANNET: Nimeichora mimi, usinifundishe. Ikipata joto, vijia vyake vya mwanga vinahama, data ya Sengerema inaangukia kwingine. Nilikuandikia tangu Machi: kiyoyozi kwanza.

PROJEST: Uliichora? Jina lako liko wapi kwenye andiko?

ANNET: Ulilitoa wewe.

(Mkwaruzo kwenye laini.)

PROJEST: —sikupati—

ANNET: Nasema ulilitoa wewe!

PROJEST: We binti! Nilikutoa Muleba hata kompyuta hujawahi kuigusa!

ANNET: Nashukuru. Sasa nisikilize. Jana saa nne asubuhi Gladness, nesi wa zahanati kule Sengerema, alikuwa anamwonyesha daktari wa mjini picha ya tumbo la mama mjamzito, moja kwa moja. Uchungu umeshaanza. Picha ikapotea dakika ishirini na mbili.

PROJEST: Mtandao kukatika ni ajabu?

ANNET: Hujauliza habari za mama.

PROJEST: ...Anaendeleaje?

ANNET: Mama yupo.

PROJEST: Na mtoto—

ANNET: Nimesema mama yupo.



PROJEST: Annet. Mchana huu wafadhili wanafika. Tunahamishia mtandao wa kanda yote kwenye hiyo chipu. Ukitaja joto, mradi umekufa, na wewe kazi huna.

ANNET: Ndiyo maana narudisha mtambo wa zamani. Sasa hivi.

PROJEST: Thubutu! Nakuja na polisi hapo—

ANNET: Simu yako inapita hapahapa. Itakatika kidogo.

PROJEST: Toa mkono! Annet, nakuamb—

(Simu inakatika. Inaita tena.)

ANNET: Haloo.

PROJEST: Umefukuzwa! Umenisikia? Leo hii, ume—

ANNET: Nimesikia. Ngoja, Gladness anapiga.

PROJEST: Usinikatie simu wewe!

ANNET: Ana mama mwingine kitandani. Kwaheri, mwalimu.